Kabla ya kununua mawe ya kung'aa, anzeni na chumvi

Wazazi wenzangu, zile seti za mawe ya rangi zinazouzwa kwa maduka ya toi mimi siku hizi sinunui, si ati ni mbaya, lakini mtoto anapata jiwe limeshang'arishwa, jina liko kwa kikaratasi, anaweka kwa droo na mambo yanaishia hapo. Mimi nikitaka mtoto aelewe kristali ni nini namwacha aione ikizaliwa, na hiyo haitaki pesa mob, ni chumvi, maji moto na sahani ya rangi nyeusi.

Korogeni chumvi mpaka ikatae kuyeyuka, mwageni kidogo kwa sahani, wekeni dirishani penye jua halafu muiache. Maji yakikauka pole pole vinaanza kutokea visanduku vidogo, na ni visanduku kweli, pembe zimenyooka, binti yangu alivimulika na tochi ya simu akaniuliza, "Mum, nani amezikata?" Hakuna mtu amekata! Chumvi ni chembe za sodiamu na klorini, na zinajipanga zenyewe, hii halafu ile, safu juu ya safu kama kreti za soda, na umbo unaloliona nje linatoka kwa huo mpangilio wa ndani. Mwambie pia huko Gongoni, ukishapita Malindi, chumvi inatengenezwa hivyo hivyo tu, maji ya bahari yanaingizwa kwa mabwawa na jua linafanya kazi.

Wakishaizoea chumvi, tafuteni shabu (kwa Kizungu alum). Hii ndio naipenda zaidi juu inatoa kristali yenye nyuso nane, safi, mtoto anaweza kuihesabu na kidole. Inayeyuka sana kwa maji moto kuliko ya baridi, so maji yakipoa inaanza kurudi kuwa jiwe. Fungeni punje moja na uzi, ining'inie ndani ya glasi ya hayo maji ya shabu, na msiitingishe. Sasa wekeni glasi nyingine kwa friji mlinganishe: ile ya friji itajaa vipunje vidogo vidogo, ile iliyopoa taratibu ndio inakuza jiwe la maana.

Hapo sasa ndio mnaweza kuongea mawe ya nchi yetu na mtoto akaelewa. Lile jiwe jeusi la Naivasha, obsidiani, linang'aa lakini si kristali, ni kioo, lava ilipoa haraka mno chembe zikakosa nafasi ya kujipanga. Mkienda Hell's Gate mtaliona (kuliona tu, mbugani hakuna kubeba jiwe). Rubi ya Taita na safaya ya buluu ni kitu kimoja, alumini na oksijeni, tofauti ni kromiamu kidogo kwa ile nyekundu, na chuma na titaniamu kwa ile ya buluu. Watoto hukataa kabisa kuamini hii, kama vile wanakataa kwamba almasi na ile nyeusi ya penseli zote zina kaboni!

Halafu kuna tsavoraiti, jiwe la thamani la kijani la jamii ya ganeti, rangi yake inatoka kwa vanadiamu na wakati mwingine kromiamu. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata Tanzania 1967, baadaye akaipata upande wetu huko Taita Taveta, na 1974 Tiffany, kampuni ya vito ya Amerika, wakaitambulisha sokoni kwa jina linalotokana na Tsavo. Mtoto wa Nairobi anapita hapo na treni akienda Mombasa na hajui! Mimi inaniuma sana venye watoto wetu wanajua almasi za kwa katuni na hawajui jiwe la Voi. Na waambieni pia kuna watu wanashuka mashimoni maeneo ya Kasigau na Mkuki wakiwa na nyundo na patasi kulitafuta, kazi ya hatari, jiwe halitoki tu dukani.

Shabu si ya kulamba, na mikono ioshwe baadaye. Mkikuza yenu nitumieni picha, hasa kama nyuso nane zimetoka zote.