Kilomita Nne za Amani

Mita ya pikipiki ya baba, Honda CG125, ilikufa ikisoma kilomita 31,406. Mwaka hakumbuki. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa anateremka kutoka Amani, juu milimani Usambara, mvua inapiga, kebo ikakatika. Baba alikuwa bwana shamba Muheza, akizungukia wakulima wa iliki na pilipili manga kule milimani, na baada ya siku ile aliendelea kuipanda vilevile miaka na miaka, spidi akiipima kwa mlio wa injini.

Desemba ya 2017 nilikwenda likizo nikaikuta imetolewa bandani. Fundi wa mjini alikuwa ameshaiamsha injini. Kwenye mita alimshauri anunue ya Kichina, zile wanazofunga bodaboda, hata nusu saa haifiki. Baba akakataa. Nami, kwa kiherehere cha mtu aliyetazama video mbili tatu, nikasema niachieni mimi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuifungua, na hapo ndipo ilipokwenda asubuhi nzima. Mita zile hazina skrubu za kufungulia kioo. Kuna pete ya chuma imekunjwa ukingo kubana kioo na kopo lake, kiwandani hawakuwa na nia ya mtu kuingia tena. Nilikaa barazani na bisibisi ya fundi saa, nikiuinua ukingo kidogo, nikisogea upana wa punje ya mchele, nikiinua tena. Ukiharakisha chuma kinapasuka. Mama alipita mara tatu. Mara ya tatu akauliza kama nakula humohumo barazani.

Ndani nilikuta udongo wa nyigu. Kioo, ambacho ni plastiki, kilikuwa cha njano kama kucha za mvuta sigara. Nikakisugua kwa msasa wa maji, namba 1500 kisha 2000, nikamalizia na dawa ya meno mpaka nikaona vidole vyangu upande wa pili. Mshale uliokuwa mwekundu umebaki rangi ya maziwa. Dada yangu akatoa rangi yake ya kucha, akaupaka mwenyewe kwa sababu mkono wangu aliuona unatetemeka.

Kosa langu lilikuwa kwenye uso wa mita. Niliona una ukungu, nikachukua kitambaa chenye thina. Pitisho moja tu, nane ya themanini ikaondoka na kitambaa. Ikabaki sifuri peke yake. Nilikitazama kile kitambaa muda mrefu kidogo. Jioni nikaupeleka uso kwa kijana anayeandika mabango ya maduka karibu na stendi. Akacheka, akachagua brashi nyembamba kuliko zote, akaichora ile nane kwa pumzi moja. Ni nzuri kuliko namba nyingine zote pale, na ndilo tatizo lake: ina mkia wa madaha kama ya bango la kinyozi.

Mtambo wenyewe haukuwa na ugonjwa, ulikuwa mkavu tu. Kebo inatoka gurudumu la mbele na kuzungusha sumaku. Sumaku haigusi kitu. Imekaa ndani ya kikombe cha aluminiamu, na inapozunguka inakivuta kikombe kiifuate. Kikombe kimeshika mshale, na springi nyembamba kama unywele inaurudisha nyuma. Mvutano wa hao wawili ndio spidi unayoisoma. Nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, nikaiacha springi bila hata kuipulizia.

Kuijaribu, nikafunga kipande cha kebo ya zamani kwenye drili. Nikawasha. Mshale haukupanda, ulijikandamiza kwenye kipini cha sifuri kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Nikaongeza mwendo, nikasubiri, nikaongeza tena. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mbona namba zinarudi?"

Nilikuwa naizungusha upande usio wake. Namba zilikuwa zimeshafika 31,402.

Nikamwambia si kitu baba, kilomita nne tu. Akavuta kigoda akaketi.

"Si kitu kwako. Hizo ni za mlimani, mwanangu. Kutoka Sigi kwenda juu. Zirudishe."

Nikageuza swichi ya drili. Safari hii mshale ukapanda taratibu, mwekundu wa rangi ya kucha, ukapita ishirini, arobaini, nikaushikilia kwenye sitini. Kwenye sitini kilomita moja ni dakika moja, kwa hiyo ilikuwa pia njia ya kujua kama mita inasema kweli. Baba akavua saa yake akaishika kiganjani. Kilomita ya kwanza ikaisha sekunde tatu baada ya dakika. "Si haba," akasema. Drili ikaanza kunuka moto, ikabidi tupumzike kila baada ya kilomita, yeye akisimulia ni kona ipi tungekuwa sasa hivi, kwa nani aliwahi kulala mto ulipofurika. Dada akaja na chai. Tukamaliza ya nne magharibi ikiadhiniwa.

"Simama. Hapo hapo."

31,406.

Kesho yake nikaikunja pete, nikafunga mita mahali pake na kebo mpya iliyojaa grisi. Baba akainama kuutazama uso ule kwa karibu, akaweka kidole juu ya kioo, kwenye nane ya yule kijana wa mabango.

"Hii ya nani?"

Nikamweleza habari ya thina.

"Haina neno," akasema, akipiga kiki. "Themanini sijawahi kufika."

Akatoka getini kwa gia ya kwanza, akiangalia mita na siyo barabara, mpaka mama akampigia kelele.