Mausipisi ya saksofoni ya besi: anza na chemba

Saksofoni ya besi ya mtumba ikifika Mtwara bila mausipisi (kipande cha kupulizia), jambo la kwanza watu hufanya ni kuichomekea ya saksofoni ya baritoni. Sauti inatoka, tena nzito ya kupendeza, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Besi iko oktava nzima chini ya saksofoni ya tena (tenor). Koni yake, yaani bomba linalopanuka, imekatwa shingoni, na nafasi iliyo ndani ya mausipisi, yaani chemba, ndiyo inayofidia kipande kilichokatwa. Besi za Conn na Buescher, viwanda vya Marekani, za miaka ya 1920 hasa zinataka chemba pana.

Pima hivi. Puliza mpaka chombo kipate joto, fungua programu ya kupimia tuni kwenye simu, shika G ya chini, kisha bonyeza kitufe cha oktava bila kubana mdomo. Panda hadi D ya juu, ya vitufe vinavyobonyezwa kwa kiganja. Noti za juu zikipanda kupita tuni wakati za chini ziko sawa, chemba ni ndogo. Za juu zikishuka chini ya tuni, ni kubwa mno. Usihangaike kubadilisha ridi (utete unaotetemeka kwenye mausipisi), hilo haliponi kwa ridi.

Kama shina la mausipisi linacheza kwenye koki (gamba laini lililozungushiwa shingo ya saksofoni), zungushia utepe mweupe wa mafundi bomba. Karatasi hulowa mate, ikateleza, na tuni ikahama katikati ya wimbo.

Uwazi wa ncha, yaani mwanya kati ya ncha ya mausipisi na ridi, ni suala la pili. Kwa matarumbeta ya harusi, mpigaji anayetembea juani kutoka Shangani hadi Ligula, mimi ningeanzia milimita 2.7 na ridi laini ya namba 2 au 2½. Uwazi mkubwa unakula pumzi, na noti za chini kabisa ndizo zinazokufa kwanza.

Azima fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya) kwa fundi magari. Laza meza ya mausipisi, yaani upande bapa unaokaliwa na ridi, juu ya kioo, ingiza bati la milimita 0.05 kutokea nchani, taratibu, mpaka ligome. Likisimama upande, reli moja (kingo mbili za pembeni ndizo reli) imeliwa zaidi ya nyingine, na mausipisi hiyo itapiga miluzi hata ukiibembeleza vipi. Baadhi hupokea ridi za baritoni, ila hakikisha ridi inafunika reli zote mbili. Pembeni pakibaki mwanya, hewa inavuja.

Muuzaji akiwa Dar es Salaam, mwombe picha ya ndani ya chemba na kipenyo cha shina kwa milimita kabla hujatuma hela. Ikishafika, kama ni ya eboniti (mpira mgumu), ioshe kwa maji baridi tu, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani: hugeuka kijani-kahawia na kuacha ladha ya kiberiti mdomoni.