Daftari la mikwaju

Jumamosi jioni, Ilemela.

Ubishi wa leo aliuanzisha Mzee. Aliniuliza kwa nini kila mpira ukitua natoa kalamu mfukoni. Nikamjibu kwamba naweka kumbukumbu. Akacheka mpaka akashika kiuno. Mzee wetu huyu amestaafu uhasibu kwenye pamba, ujana wake wote umeishia kwenye vitabu vya hesabu, lakini daftari langu hili halitaki kabisa. “Kijana wangu,” akasema, “gofu inamalizikia kwenye grini. Jifunze kupati, mengine yatakuja yenyewe.” Grini ni ile sehemu laini inayozunguka shimo, na kupati ni kuuviringisha mpira hapo mpaka uingie. Nikaitikia “ndiyo Mzee,” kama inavyompasa mtu wa umri wangu, halafu nikaendelea kuandika.

Kwa asiyetujua, sisi ni kikundi cha wacheza gofu wa ridhaa, watu wa kazi nyingine. Yupo mwenye duka la vipuri Nyakato, yupo dada muuguzi, wapo walimu, na Mzee. Tunapofanyia mazoezi hapaitwi hata kiwanja. Ni sehemu ya wazi karibu na ziwa ambayo mwenyewe ameturuhusu kuitumia kwa sharti kwamba tusisumbue ng'ombe wake. Upande mmoja mawe makubwa ya Mwanza yamepandiana kama kawaida yake, upande mwingine kuna matete, na katikati nyasi zinafyekwa na hao hao ng'ombe. Shimo tulilichimba wenyewe, tukatumbukiza kopo la rangi la lita moja, maana mdomo wake unakaribia kabisa kipenyo cha shimo halali, ambacho ni milimita 108. Kuzunguka kopo tumeondoa nyasi na kumwaga mchanga, kisha tunausawazisha kwa ubao. Mpira ukiviringika juu ya mchanga huo unaacha mstari mwembamba, na ukiuangalia mstari unajua hapo hapo kama uliupiga sawasawa au fimbo iliukata pembeni. Grini ya majani haikuonyeshi kitu hicho.

Raundi kamili, za mashimo 18, tunakwenda kuzicheza mbali. Arusha mara moja moja, na zaidi Kisumu, kwa ndugu zetu wa upande wa pili wa ziwa, kwenye kiwanja cha Nyanza. Basi la alfajiri, Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, Sirari, unagonga muhuri, unavuka kwa miguu na mfuko wa fimbo begani, unapanda gari jingine. Makonda wa njia ile wameshatuzoea, ingawa bado wanatoza mfuko nauli ya mzigo. Kuna mmoja aliwahi kumuuliza yule dada kama hizo ni bomba za maji.

Sasa daftari. Siandiki jumla ya mikwaju tu, kwa sababu jumla haikuambii ugonjwa uko wapi. Kwa kila shimo naandika mpira ulipotua baada ya kila mkwaju, na kilichosababisha mkwaju wa ziada kama upo. Wenzangu wakiniruhusu naandika na yao. Na kitu ambacho daftari limenionyesha ni kwamba sisi wachezaji wa ridhaa hatukumbuki vizuri mahali tunapopotezea mikwaju. Tunakumbuka mahali palipotuuma.

Nitoe mfano wa shimo moja la paa 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, kule Kisumu, kwa ruhusa ya mwenye duka la vipuri. Mkwaju wa kwanza aliupiga kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kwa nguvu zote, mpira ukapinda kulia ukatoka nje ya mpaka. Kanuni haina huruma hapo: unaongeza mkwaju mmoja wa adhabu na unarudi ulipopigia, kwa hiyo mpira wa pili anaoupiga ni mkwaju wa tatu. Wa tatu ukabaki ndani lakini kwenye nyasi ndefu. Wa nne alitaka kufika grini moja kwa moja, ukaishia mbele ya banka, lile bonde la mchanga la kutega mipira. Wa tano ukapaa ukavuka grini yote. Wa sita akaurudisha, ukasimama mita moja kutoka shimoni. Wa saba, pati ya mita moja, ukazunguka mdomo wa shimo na kutoka. Wa nane ukaingia.

Njia nzima ya kurudi, kuanzia Kisii hadi mpakani, aliongea juu ya ile pati ya mita moja. “Ningeiingiza ile!” Sawa, angeiingiza angepata saba. Draiva ilimgharimu mikwaju miwili, na huko kupaisha mpira ukavuka grini kukamgharimu mwingine, lakini hayo hakuyataja hata mara moja. Pati inauma kwa sababu ni ya mwisho, shimo liko pale, watu wamenyamaza wanakuangalia. Mpira uliotoka nje ya mpaka tunausahau kwa kuwa tumeshaukasirikia na kumaliza.

Hili si jambo nililolivumbua mimi. Kuna profesa wa chuo kikuu cha Columbia, Marekani, anaitwa Mark Broadie, aliyekusanya mikwaju mingi sana ya wachezaji wa kulipwa na wa kawaida, akapima kila mkwaju umemsogeza mchezaji karibu na kumaliza shimo kwa kiasi gani ukilinganisha na wastani. Alichokuta ni kwamba takribani theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na mchezaji wa wastani inatokana na mikwaju inayopigwa kutoka mbali, nje ya yadi 100, yaani kama mita 91 na kitu. Pati ina sehemu yake, ila ni ndogo kuliko wanavyoamini wazee wa klabu. Tena hata wale wa kulipwa tunaowaona kwenye televisheni, kutoka futi 8, ambazo hazifiki mita mbili na nusu, wanaingiza kama nusu tu ya pati zao. Mtu anayelima wiki nzima, Jumamosi akakosa pati ya futi 8, analaani mababu zake kwa lipi?

Nilimsomea Mzee habari hizi leo, taratibu, kwa adabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: “Huyo profesa amecheza kwenye mchanga wetu?”

Hapo nikakubali ana hoja, ingawa yeye aliisema kwa mzaha. Takwimu za watu wengi zinakuambia ya watu wengi. Kuna mtu anayepiga draiva moja kwa moja kila siku na kisha anatumia pati tatu kwenye kila grini. Huyo amsikilize Mzee. Ndiyo maana daftari liwe lako. La kwangu linasema mambo mawili: mipira inayopotea, na mikwaju mifupi ya kulikaribia shimo. La yule dada muuguzi linasema kitu tofauti kabisa, hana umbali. Mpira wake hauendi mbali, lakini hautoki katikati ya njia. Raundi nzima anaweza kumaliza na mpira ule ule alioanza nao, na mwisho wa siku sisi wenye mabega tunamdai kwa umbali, yeye anatudai kwa jumla.

Kuhusu hendikapu, ile namba inayopima kiwango cha mchezaji na kuonyesha mikwaju anayopunguziwa, watu wetu wengi wanaielewa vibaya na inawavunja moyo bure. Tangu mwaka 2020 dunia ina mfumo mmoja. Unarekodi mashimo 54, unapata namba yako ya kuanzia, na kiwango cha juu kabisa ni 54.0, kwa mwanamume na mwanamke. Ukishakuwa na raundi 20, mfumo unachukua 8 bora kati ya hizo 20 za karibuni, baada ya kuzipima kwa ugumu wa kiwanja, na kutafuta wastani wake. Rudia kusoma: nane bora. Raundi 12 mbaya zinawekwa kando. Kwa hiyo namba ile inaeleza unavyocheza siku zako nzuri, na siku nyingi utacheza vibaya kuliko hendikapu yako bila kuwa umeshuka kiwango. Mwenye duka la vipuri alikuwa karibu kuuza fimbo zake kwa sababu ya kutolijua hili.

Kingine kinachofariji ni kwamba shimo moja baya haliwezi kuibomoa namba yako. Kwa mahesabu ya hendikapu, shimo lina kikomo: paa, jumlisha mikwaju miwili, jumlisha mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo. Mtu wa hendikapu 18 anapewa mkwaju mmoja kila shimo, kwa hiyo kwenye paa 4 kikomo chake ni 7. Ile nane ya Kisumu, kwa mtu wa hendikapu hiyo, inaandikwa saba. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, bila shaka, nane ni nane.

Ndiyo maana sisi tukicheza wenyewe tunatumia Stableford, mfumo wa pointi uliobuniwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, ukatumika kwenye mashindano kwa mara ya kwanza mwaka 1932. Ukipata paa yako, baada ya kutoa mikwaju ya hendikapu, una pointi 2. Ukizidi kwa mmoja, pointi 1. Ukizidi kwa miwili, sifuri, okota mpira twende shimo linalofuata. Unawaokolea muda walio nyuma yako na unajiokolea roho. Mzee anaupenda mfumo huu kuliko sisi wote, labda kwa sababu pointi zinapanda badala ya mikwaju kurundikana.

Nilichobadilisha mimi baada ya kulisoma daftari ni kidogo, lakini nakiona kinafanya kazi. Draiva siitoi tena kwenye kila tii, pale pa kuanzia shimo. Kama kulia kuna mpaka au maji, natoa aini namba 5, fimbo ya chuma iliyo fupi kuliko draiva, hata kama wenzangu wanaguna. Mpira ukielekea kubaya, kabla sijaondoka pale natangaza mpira wa akiba na kuupiga, kwa sababu tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3 tu, na kutafuta mpira kwenye matete kwa dakika 3 ni sawa na kutoutafuta. Na mazoezi nimeyapindua. Zamani tulikuwa tunafika, tunapiga mipira mirefu hadi mikono ilegee, halafu tunamalizia na pati za haraka haraka jua likizama. Sasa naanzia hatua 20 kutoka kwenye kopo. Napiga mpira mmoja, naufuata, naumalizia kwa pati, narudi kuanza kutoka sehemu nyingine. Nikirundika mipira kumi mahali pamoja najidanganya, kwa kuwa kiwanjani hakuna anayekupa mkwaju wa pili kutoka pale pale.

Upepo nao nimeuingiza kwenye daftari. Asubuhi huku kwetu kunakuwa kumetulia, mchana upepo wa ziwani unaingia na kubadilisha kila kitu. Aini namba 7 ya saa mbili asubuhi na ya saa tisa alasiri ni fimbo mbili tofauti. Watu hupiga kwa nguvu zaidi upepo ukiwa usoni, na mpira unazidi kuzunguka na kupanda juu, unakufa mapema. Afadhali kuchukua fimbo ndefu zaidi na kupiga taratibu. Hili, kwa haki, nilifundishwa na kedi mmoja, mbeba fimbo, wa Kisumu ambaye alinikabidhi aini namba 5 wakati nimenyoosha mkono kuomba 7, akakataa hata kujadiliana.

Kule Kisumu ndiko inakosimuliwa ile kanuni ya enzi za ukoloni, kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, uangushe mwingine mahali salama bila adhabu. Wageni huichukulia kama utani. Sisi tulioishi kando ya ziwa hatucheki sana, na kanuni za leo, namba 16.2, bado zinatoa nafuu hiyo hiyo kwa wanyama hatari. Mzee anasema ni kanuni pekee ya gofu ambayo mtu wa Ukerewe hahitaji kufafanuliwa.

Leo jua lilipokuwa linashuka tulicheza pati kwenye mchanga, atakayeshindwa analipa soda. Mzee alitumaliza wote, akaingiza hata moja ya mbali iliyopinda mara mbili. Nikaziandika zote. Alipoona naandika akaja kusimama nyuma yangu, akavaa miwani, akaanza kusoma safu zake mwenyewe za Kisumu, akiteremsha kidole kama anayekagua hesabu za msimu. Kimya kikawa kirefu kidogo.

“Hapa umeandika draiva, nje. Na hapa. Na hapa tena?”

“Ndiyo Mzee.”

“Na pati mbili, mbili, moja, mbili.”

“Ndiyo Mzee, pati zako hazina tatizo.”

Akanirudishia daftari, akaniambia safu ya mikwaju ya adhabu ingekaa vizuri zaidi upande wa kulia, ijumlishwe chini, halafu niweke na safu ya maelezo. Mhasibu ni mhasibu. Soda ameshinda yeye, mwenye duka kalipa. Mwisho wa mwezi tunaondoka tena na basi la alfajiri, na dada muuguzi ameshabadilishana zamu. Mzee naye anakuja. Nilimuuliza kama draiva ataiacha nyumbani, akasema anakuja nayo, ila safari hii niiandike kwa wino mwekundu.