Siku Tuliyouona Moshi Kichwani

Siti skani, picha ya eksirei ya ndani ya kichwa, ilitoka safi, na ndiyo iliyotuchanganya zaidi. Kila binti yangu alipolia sana, mkono wa kulia ulilegea, kikombe kikamponyoka. Baada ya dakika chache anarudi kucheza. Majirani wakasema jini. Mimi nilijua ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu zenye umbo la mundu, lakini hilo na mkono vilihusianaje?

Daktari mmoja wa Dar es Salaam akaagiza dopla ya kichwa, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha mwendo wa damu. Masharti yalikuwa mawili: mtoto asilie, wala asisinzie, maana vyote hubadilisha mwendo wa damu. Nikamsimulia hadithi za sungura huku anapakwa jeli kwenye panja, mahali mfupa ulipo mwembamba na mawimbi ya sauti hupenya. Upande wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto, mwendo wa damu ulipita sentimita 200 kwa sekunde, na kwa watoto wa selimundu hapo ni hatari ya kiharusi. Damu huongeza mbio inapopita penye mshipa uliobana.

"Mama, akilia anapumua haraka, kaboni dayoksaidi inapungua, mishipa inazidi kujibana," daktari akasema. Jini lenyewe ndilo hilo.

MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ikathibitisha: mshipa mkuu wa kushoto ulikuwa umekonda pale unapogawanyika ndani ya fuvu, na palikuwa na makovu madogo ambayo siti skani haikuyaona. Kwa upasuaji, hata hivyo, walitaka anjiografia, picha ya mishipa ya damu. Kwanza akabadilishiwa damu, kupunguza seli mundu, kisha nusu kaputi. Mrija mwembamba ukaingizwa kinenani hadi kwenye mishipa ya shingo, ikamiminwa dawa inayoonekana kwenye eksirei.

Baadaye nilionyeshwa ile picha. Mshipa unapanda vizuri, halafu unakatika ghafla, na chini ya ubongo kuna vimishipa vingi mno, vyembamba, kama moshi. Suzuki na Takaku wa Japani waliuita ugonjwa huu moyamoya mwaka 1969 kwa mwonekano huo.

Daktari wa upasuaji hakujali moshi. Kalamu yake ilifuata mshipa mwingine, wa ngozi ya kichwa, upitao mbele ya sikio.

"Huu ndio niliokuwa nautafuta. Ni mzima. Tutaulaza juu ya ubongo, uote matawi ya kuupelekea damu."

Nikamuuliza kama nywele zitanyolewa zote. Nilikuwa nimemsuka juzi tu.

"Upande mmoja, Mama."