"Kompyuta ilikuwepo?"

Tangu Jumanne maneno mawili yamegoma kunitoka kichwani. Mnajua mimi ni mtu wa programu, wa chumba cha nyuma, ila dada wa kaunta alikuwa ameenda chai. Mzee mmoja akaja, akalaza kitambulisho chake juu ya fomu tuliyomchapia. Kitambulisho: 01.01.1941. Fomu: 31.12.1940.

"Mjukuu wangu, mbona mmenizaa siku moja mapema?"

Nami, hata macho sikuinua: "Ni kompyuta tu, jaduong'."

Akanyamaza kidogo. "Kompyuta ilikuwepo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ningesema pole, ningesema ngoja niangalie, lakini nilicheka, na akaondoka akiegemea mkongojo.

Kosa nililipata Jumatano usiku. Aliyeunda mfumo kabla yangu alihifadhi siku ya kuzaliwa kama nukta ya wakati: milisekunde kuhesabu kutoka 1 Januari 1970, na waliozaliwa kabla ya hapo wanapewa namba hasi. Siku ya mzee ikahesabiwa kuanzia saa sita usiku, ikaingizwa kana kwamba Kenya imekuwa saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, tangu Adamu. Kuisoma sasa, Java, lugha ya programu ambayo haisahau kitu, ikakumbuka kwamba mwaka ule tulikuwa mbele kwa saa mbili na dakika 45. Robo saa ikakatwa, ikawa saa sita kasorobo, na mzee akaangukia mwaka wa nyuma. Java hiyohiyo ina LocalDate, tarehe tupu isiyojua saa wala majira ya nchi. Ingetumika hiyo tangu mwanzo, nisingekuwa naandika haya.

Nimerekebisha. Alhamisi tukahamia ofisi mpya, Jumamosi mdogo wangu akaposwa.

Ni katika pilikapilika za posa hiyo nilipomsimulia Dani, nyanya yangu. Alicheka mpaka leso ikamdondoka. Kumbe naye kitambulisho chake ni 1 Januari! "Sisi tulijua mtama ulikuwa unavunwa," akasema. "Karani aliuliza tarehe, tukamtazama, akaandika yake."

Kwa hiyo karani naye hakuwepo. Nimejikuta nikicheka peke yangu kwenye matatu ya Kondele, kicheko cha aina nyingine.

Fomu mpya ya mzee iko kwenye droo yangu. Hajarudi.

Mvua imepiga kwetu Nyando siku mbili mfululizo, na simu ya Mama tangu jana asubuhi ni "mteja hapatikani".