Livingstone hakufia Bagamoyo jamani

Aisee juzi nusura nigombane na mtu kwenye makala ya Bagamoyo, Wikipedia ya Kiswahili. Kaandika Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifia hapa kwetu, mi nikafuta, akarudisha, nikafuta tena, mara ya tatu mkono ukasita. Kule Wikipedia ya Kiingereza ukitengua mabadiliko ya wenzako zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 unaweza kufungiwa hata kama ukweli unao wewe, na naona ni haki kabisa. Basi nikahamia ukurasa wa majadiliano, nikamwambia kwa adabu, ndugu yangu, alifariki 1873 kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, wahudumu wake kina Chuma na Susi ndo wakaubeba mwili mpaka huku, ukafika 1874. Nikaweka na chanzo. Baadaye kajibu "sawa kaka, nimekuelewa", akarekebisha mwenyewe.