Nilivyowafundisha watoto kugawa pumzi

Nafundisha michezo katika shule ya msingi wilayani Karatu, na maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, yakianza, kazi yangu kubwa huwa mita 800. Mita 100 hazina maneno mengi, mtoto anachomoka mpaka anamaliza. Mita 800 anazianza kama anafukuzwa na nyuki. Akifika 150 yuko mbele ya wote. Akifika 300 mabega yamepanda, ngumi zimekaza, na mwisho anatembea ameshika kiuno.

Kumwambia "anza taratibu" hakusaidii, kwani taratibu kwake ni kutembea. Mtoto hana kipimo cha umbali ambao mwili wake haujaupitia. Ndiyo maana nikatafuta kitu atakachokiona na kukisikia.

Kiwanja chetu ni cha nyasi. Nilichora mzunguko wa mita 200 kwa majivu, nikapanga chupa zenye mchanga kila mita 50, nikawa napuliza filimbi kila sekunde 15. Ukifika chupani kabla ya filimbi, umewahi mno. Ikilia hujafika, ongeza kidogo. Anayeshika mwendo huo anamaliza mita 800 kwa dakika 4 kamili.

Mwanzoni walikuwa wanakimbilia chupa, wanasimama, wanasubiri. Niliwaacha. Binti mmoja wa darasa la tano akaanza kufupisha hatua anapokaribia chupa. Baadaye akaacha hata hilo, akawa anapita chupani filimbi inapolia, bila kugeuza shingo. Wenzake wakaanza kumfuata nyuma.

Hapo ndipo nikaondoa filimbi. Mtoto anakimbia mzunguko mmoja, na kabla sijamwonyesha saa ananitajia muda wake. "Mwalimu, dakika moja na sekunde tano!" Zoezi hili nalipenda kuliko yote, maana linamlazimu kuusikiliza mwili wake. Siku nyingine wanakimbia wawili wawili wakipiga soga, na asiyeweza kumaliza sentensi anapunguza mwendo.

Karatu ndiko alikozaliwa mwanariadha Filbert Bayi, kwa hiyo swali halikosekani: "Mbona Bayi alitangulia tangu mwanzo?" Kweli alitangulia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2. Lakini nawaambia kasi ile aliizoea mazoezini, akaimudu mpaka mwisho huku John Walker wa New Zealand akimkaribia. Nawapa pia mfano wa Mkenya David Rudisha, mita 800 za Olimpiki ya London 2012: mita 400 za kwanza sekunde 49 na ushei, za pili 51 na ushei. Naandika namba hizo ubaoni, kisha kila mtoto anaandika zake chini yake, mita 400 za kwanza na 400 za mwisho. Hapo hawahitaji maelezo yangu.

Wa darasa la kwanza na la pili siwapi filimbi wala saa. Wao wacheze kukimbizana. Wanakimbia, wanapumzika, wanarudi tena, na miili yao hupata nafuu haraka.

Siku ya mashindano naomba walimu na wazazi walio pembeni wanyamaze mzunguko wa kwanza. "Kaza! Kaza!" ikianza mapema, hata mtoto aliyeiva anatoka kwenye mwendo wake. Zikibaki mita 200, wapige kelele watakavyo.